Muulize Senga: Mdogo wangu ni nesi Kanada, mama hataki pesa yake tena

SWALI: Senga, shangazi yetu wa ushauri, salaam aleikum. Mdogo wangu ni nesi Kanada na ndo anasomesha watoto wetu hapa. Juzi ananipigia simu kwamba huko kuna wagonjwa wanaomba kufa na daktari anawadunga sindano, yeye anaweka kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa, na kukaa na familia. Kuna mzee mmoja amekufa hivyo na hakulia, anasema alihisi nafuu, sasa anaogopa moyo wake umekufa. Mama alikuwa mlangoni akasikia yote, ati pesa ya huyo mtoto ni haramu haitaingia kwake tena. Mi niseme nini, na kwa nani? (Dada mtu, Bombo, Uganda)

JIBU: Waleikum salaam mwanangu. Naanza na mdogo wako, manake mama ana watu wa kumliwaza, huyo mtoto yuko peke yake kwenye baridi.

Hiyo nafuu usiishangae hata kidogo. Manesi na madaktari wengi wa hiyo kazi, Kanada, Uholanzi, Ubelgiji, wanasema hivohivo, huzuni inakuja na nafuu humohumo, mwingine anaona ni heshima kwamba mgonjwa alimwamini hadi mwisho alafu usiku usingizi unakataa. Kifo tulichozoea sisi kinakuja polepole, pumzi inapungua, watu wanasoma Yasin, kila mtu anajua. Huko siku na saa imepangwa, mzee anapiga stori anaaga wajukuu na dakika chache baadae hayupo, sa machozi ya nesi yanaweza kuchelewa yakamkuta wiki ijayo ndani ya basi. Uholanzi sheria yao ilianza 2002 na mpaka leo kuna madaktari hawapangi kazi ingine siku kama hiyo. Watu wazoefu kabisa hao!

Na ujue ye hakuua mtu kwa siri. Kanada waliruhusu 2016, mgonjwa mwenyewe anaomba kwa maandishi, wataalam wawili kila mmoja kivyake wanampima, na kwa kawaida anaulizwa tena palepale mwisho kama bado anataka. Mwenye kutoa dawa ni daktari au nesi wa ngazi ya juu mwenye kibali, sio nesi wa kanula. Mwaka 2023 peke yake walikuwa watu 15,343, karibu kifo 1 katika kila 20 nchini, so wenzake wanaobeba huo mzigo wapo, awatafute hapohapo kazini waongee. Pia sheria yao hailazimishi mtu, akiona dini inamsuta anaweza kumwambia bosi wake asipangiwe tena. Lakini hilo aamue mwenyewe, usimsukume.

Akipiga tena usimuulize wamekufa wangapi. Muulize huyo mzee alikuwa mtu wa aina gani, alafu wewe nyamaza, aongee hadi salio liishe.

Mama sasa. Ana haki ya kuumia, dini yetu haikubali hiyo kitu na sheria ya Uganda pia haikubali, mi sitabishana naye na wewe usibishane, mambo ya haramu na halali mwachie sheikh. Ila kukataa pesa mtoto atasikia kama amefukuzwa nyumbani, na hapo mama amepitiliza, nasema wazi. Ada ya shule ya watoto itumwe moja kwa moja shuleni. Na simu umpe mama, asiulize habari ya sindano, aulize tu mwanangu umekula nini.

SWALI: Senga, mgonjwa wangu wa kansa kila siku ananiambia sista nimalize. Natoka pale natetemeka. Je sifai kazi hii? (Nesi, Hoima)

JIBU: Unafaa, asiyefaa hatetemeki. Kumsaidia kufa hapa kwetu hairuhusiwi, hiyo tumemaliza. Ila mtu akisema nimalize mara nyingi ni maumivu yanaongea, au anaona amekuwa mzigo kwa watoto, sasa usikimbie, kaa umuulize inauma wapi na usiku anaogopa nini. Morfini ya kunywa, ile dawa kali ya maumivu, tunayo, Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, huduma ya kutuliza wagonjwa mahututi, mwaka 1993 kwa kazi hiyohiyo, na tangu 2004 manesi waliosomea huduma hiyo wanaruhusiwa kumwandikia mgonjwa morfini. Hospisi ndogo iko hapohapo Hoima, waite. Alafu chunguza nyumbani nani anashika chupa, kuna familia zinabania dawa ati mgonjwa atazoea, mtu wa kansa jamani! Na wewe mwambie inchaji wako, mkubwa wako wa wodi, leo hiihii kwamba huyu mgonjwa amekuelemea, mgawane zamu zake.