Usirekodi gama bila kamera ya macho

Sitisha ratiba yako kabla hujamwita mshiriki hata mmoja. Umeandika kwamba utawaonyesha watu picha za nyuso na picha zilizovurugwa, utapima mawimbi ya gama, yaani mawimbi ya kasi ya umeme wa ubongo, kwa EEG, kipimo cha umeme huo juu ya ngozi ya kichwa, na kuweka puani elektrodi rejea, ile ambayo nyingine zote hulinganishwa nayo. Kisha ukauliza kama kofia ya elektrodi 32 inatosha na washiriki wawe wangapi. Kamera ya kufuatilia macho hukuitaja popote, na hapo ndipo tasnifu yangu ilipoangamia.

Jicho lililokazwa kwenye nukta halitulii. Mara moja au mbili kwa sekunde huruka kidogo, kwa kawaida chini ya nyuzi 1, bila mwenyewe kukusudia wala kuhisi. Mruko huo ndio mikrosakadi. Unapoanza, misuli inayozungusha jicho hutoa mpigo wa umeme wa milisekunde chache, na mpigo mfupi namna hiyo, ukichanganuliwa kwa masafa, hutapakaa humo humo unamotafuta gama, kati ya Hz 30 na 100. Picha ikitokea, mikrosakadi hupungua, kisha hurudi kwa wingi kwenye milisekunde 200 hadi 300. Kwa kuwa wingi huo hutegemea aina ya picha, utapata tofauti nzuri ya kitakwimu, nawe utaiita kazi ya ubongo. Rejea ya puani huzidisha balaa: pua imepakana na macho, hivyo umeme wa misuli huonekana kisogoni, mahali hasa ulipoutarajia ubongo.

Shlomit Yuval-Greenberg, Leon Deouell na wenzao walikwisha kuyaonyesha haya mwaka 2008 katika jarida la Neuron. Hata hivyo msimamizi wangu alinihakikishia, miaka kadhaa baadaye, kwamba kuondoa vipande vyenye kupepesa macho kunatosha. Hakutoshi! Kupepesa ni wimbi kubwa la polepole, na kizingiti kinacholinasa hupitisha mpigo wa mikrosakadi bila kuugusa. Mtu anayelipwa kusimamia wanafunzi alipaswa kulijua hilo, na bado sijamsamehe.

Sisemi gama haipo, kwani elektrodi zilizopandikizwa ndani ya ubongo zimeirekodi. Ninasema azima kamera inayopiga angalau picha 500 kwa sekunde, uilinganishe saa na EEG, na uhesabu mikrosakadi za kila aina ya picha kabla ya kuchora grafu yoyote ya gama. Ukiikosa kamera, badilisha swali la utafiti wako.