Shati la kijani

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na zile kurasa ulizonitumia nimezisoma zote, hata zile ulizosema niziruke. Unauliza ni nani hasa aliyeanzisha saikolojia ya mahakamani, maana mhadhiri wenu anamtaja mwanasaikolojia Münsterberg na wenzako wanambishia. Ngoja kwanza nikuambie habari ya ndevu.

Mwaka 1911 nchini Ubelgiji mtu alishtakiwa kwa kumuua mtoto wa kike, na waliomkandamiza ni watoto wadogo waliohojiwa wee mpaka wakasema. Upande wa utetezi ukamwita mwanasaikolojia Julian Varendonck. Bwana huyu aliwauliza watoto 18 wa miaka saba: ndevu za mwalimu fulani zina rangi gani? Watoto 16 wakataja rangi. Mwalimu hakuwa na ndevu kabisa. Mshtakiwa akaachiwa.

Nilipofika hapo niliweka karatasi chini nikatoka nje. Habari ya ile baiskeli Phoenix ya babu yako, tuliyodhani imeibwa, unaijua, ila unaijua kama mama yako anavyoisimulia, kwa kicheko. Mimi sijawahi kuicheka. Polisi hakuniuliza kama nilimwona mtu. Aliniuliza, “Shati lake lilikuwa la rangi gani?” Nikajibu la kijani. Kisha nikasimama kizimbani, nikaapa kwamba nilimwona kijana wa jirani akikata kona pale kwenye mwembe, mbalamwezi imemmulika. Alikaa mahabusu siku 11, mpaka baba yako mdogo aliporudi na baiskeli yenyewe kutoka mnadani, alikokwenda nayo bila kuaga. Hapo ndipo mama yako aliposema usiku ule hapakuwa na mwezi. Sikusema uongo, mwanangu. Mtu hukosea kwa moyo safi kabisa. Mpaka leo nikifumba macho, shati lile naliona.

Ndiyo maana Münsterberg ananivuta. Mjerumani, mwanafunzi wa Wundt, yule aliyefungua maabara ya mwanzo ya saikolojia, na profesa wa Harvard, Marekani; wezi wakamvunjia nyumba akiwa pwani na familia. Akatoa ushahidi kwa kiapo kwamba waliingia kwa dirisha la chini, kumbe walivunja mlango, na mengine kadhaa akayakosea hivyo hivyo. Aliyaandika mwenyewe katika kitabu chake cha 1908. Nani kati yetu angejianika vile? Lakini tena alikuwa na majivuno. Aliwasema mawakili kama watu wasiotaka kufundishika, na mwaka uliofuata Wigmore, bingwa wa sheria ya ushahidi, akamtungia kesi ya kubuni, akamweka kizimbani kwa kuwakashifu na kumtaka aonyeshe huo utafiti unaofaa kortini. Alimwonea? Kidogo. Alikuwa na hoja? Alikuwa nayo, tena nzito.

Halafu yupo Cattell, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyewauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1893 hali ya hewa ya wiki moja nyuma, wakawa wanabahatisha tu. Mama yako angewashinda wote. Na kule Berlin, mwaka 1901, mwanasaikolojia Stern na mwanasheria Liszt walipanga ugomvi wa bandia darasani, bastola ikatolewa, kisha wanafunzi wakatakiwa kueleza walichokiona. Makosa yalizidi pale vurugu ilipopamba moto. Stern alikuwa mpole na mwangalifu, hakuahidi asichokuwa nacho. Nikimtaja yeye naona natenda haki. Nikimtaja Münsterberg naona najitetea mwenyewe, maana narudi pale pale: mtu hukosea kwa moyo safi. Basi jina sikupi, ingawa ulimi unaniwasha. Ila mhadhiri wenu akimruka Varendonck, nyoosha mkono.

Mama yako amesoma mpaka hapa. Anasema shati la kijani nilikuwa nimelivaa mimi usiku ule, na ni yeye aliyelishona. Nimemkatalia. Sasa hivi ameinamia sanduku, analitafuta.

Baba yako