Sabufa yangu inachelewa, nibadilishe koni?

SWALI: Nina sabufa ya inchi 12 kwenye boksi lenye bomba. Besi inavuma sana na inakuja nyuma ya dramu. Fundi kaniambia koni kubwa (ile sehemu ya spika inayocheza mbele na nyuma) ni nzito ndo maana inachelewa, niweke ya inchi 8. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na hili la koni nzito naletewa kila mara mpaka linaniudhi. Mtetemo mmoja wa Hz 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, unachukua milisekunde 25, hapo koni haina haraka yoyote, na ule mlio mkavu wa mwanzo dramu inapopigwa hautoki hata kwenye sabufa, unatoka spika zako za mbele. Unachosikia wewe ni besi ambayo ikishaanza haikatiki.

Boksi la bomba linavuma kwenye masafa yake, kama chupa ukipuliza mdomo wake, na sauti inachelewa zaidi karibu na hapohapo. Bomba likiwa la Hz 25 muziki mwingi unapita juu yake na husikii shida, likiwa la Hz 45 limekaa katikati ya noti za chini za gita la besi, maana waya wake mnene ni Hz 41, basi kila noti inaburuta mkia. Sasa hilo bomba lako nani alipiga hesabu ya urefu wake, maana nao unachangia kuamua linavuma Hz ngapi? Na usikimbilie boksi lililofungwa ukidhani umepona, spika ukiibana kwenye boksi dogo kuliko inavyotaka Qtc (namba inayoonyesha spika inavuma kiasi gani ikiwa ndani ya boksi lililofungwa) inaweza kupita 1 na besi inakuwa ya noti moja tu, buu buu buu.

Kwanza ziba bomba kwa sponji, sauti ya wastani, usikilize. Besi ikipungua ila ikakaza, kosa liko kwenye bomba. Isipobadilika, itoe sabufa kwenye kona na ujaribu swichi ya fezi (inayogeuza koni ianze kwenda nyuma badala ya mbele), chumba nacho kinavuma.

Ila hawa wanaokata mbao kwa macho, au wanakopi boksi la spika nyingine kisa zote ni inchi 12, ndo wanaharibu vitu vya watu. Spika mbili za inchi 12 moja inaweza kutaka lita 30 na nyingine 80, hiyo inaamuliwa na Fs (masafa ambayo spika yenyewe inavuma), Qts (mvumo wake unavyodhibitiwa) na Vas (ujazo wa hewa unaolingana na ulaini wa spika), zipo kwenye karatasi ya vipimo vya spika. Fundi akianza kupima mbao kabla hajakuuliza namba hizo tatu, beba spika yako uondoke.