Mche Unaonyauka na Maji Umepewa

Mwezi wa Juni, mwaka wangu wa kwanza wa kuuza miche kando ya Barabara ya Ngong, waridi zilianza kunyauka nami nikazidi kuzimwagia maji. Mzee wa kitalu jirani alipita, akashika shina moja na kulivuta kidogo. Likatoka kama kijiti kilichochomekwa tu.

"Kijana, huu hauna kiu. Hauna mizizi."

Ndani ya chungu walijikunja funza weupe wanono, kichwa cha kahawia, miguu sita karibu na kichwa. Watoto wa mbawakawa hao.

Nikakimbilia agroveti, nikanunua imidaklopridi, dawa ya kuua wadudu, nikaimwaga jioni hiyo hiyo. Wiki mbili baadaye nikachimbua: funza wazima! Nikailaani dawa, nikasema ni feki. Kumbe makosa ni yangu. Udongo ulikuwa mkavu kiasi cha kujitenga na chungu, dawa ikapita pembeni na kutokea chini. Tena funza walikuwa wameshakomaa, na hao ni sugu. Dawa hii huwaweza wale wadogo.

Siku hizi mvua ikianza naangalia taa ya lango. Mbawakawa wakizunguka pale jioni, najua wanatafuta pa kutaga. Wiki chache baadaye nachomoa vyungu kadhaa kila safu na kukagua mizizi. Nikikuta vifunza, namwagilia maji leo, dawa kesho, kwa kipimo cha lebo, polepole, hadi tone la kwanza lichungulie tundu la chini. Hapo naacha, inayotiririka ni hela na sumu mtaroni. Glavu ni lazima, na chupa isiyo na namba ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosimamia dawa za wadudu, siinunui hata kwa bei ya bure.

Miche yenye maua siitii dawa, maana hupanda hadi kwenye maua ikaua nyuki. Dania na mnanaa, kamwe. Funza wakubwa nawaokota kwa mkono, wakawa karamu ya kuku, lakini wa vyungu visivyotiwa dawa tu.

Nashuku funza wangu waliletwa na samadi ya mbuzi kutoka Kajiado, niliyoitumia mbichi. Sasa naiozesha miezi mitatu nikiigeuza. Na gunia jipya likifika, kwanza nalimwaga kwenye nailoni nikachakura. La juzi lilikuwa na funza 17.