Kwa nyie mnaoanza kazi ya CPS kwa sababu mnajua Kiswahili

Kila mwaka naona vijana wetu wawili watatu wanaajiriwa kwenye kitengo cha kulinda watoto huku Marekani (ndio hiyo CPS), wanakuja wamefurahi kwamba Kiswahili kimewapa kazi, afu baada ya miezi minane hivi wameacha. Mi niko mwaka wa saba. Jimbo silitaji, na kesi nitakazogusia nimezichanganya makusudi ili hata mwenyewe akisoma asijitambue.

Tuanze na Kiswahili chako chenyewe. Ulifaulu ule mtihani wa simu, hongera, ila mtihani ule ni Kiswahili sanifu, na familia nyingi utakazogonga milango yao ni Wakongo waliokaa kambi za wakimbizi, Nyarugusu au Nakivale au Kakuma, miaka kumi, ishirini, kabla ya kuletwa huku. Usiende na kiburi cha Dar au Mombasa. Mimi kilinitoka siku moja tu. Mtoto wa miaka tisa kasema shuleni "mama alinipika na mwiko", wakapigiwa wakalimani wa simu, akapatikana mkenya wa watu, akasikia kupika, akasikia mwiko, akatafsiri alichosikia. Karatasi ikaandikwa mtoto kaunguzwa jikoni na kesi ikapandishwa ya haraka. Nilipofika mi nikamuuliza mama mmetoka wapi, akasema Lubumbashi, nikajua hapohapo. Kwa watu wa Katanga kupika ndio kupiga, yaani mtoto alichapwa na mwiko mkononi, basi. Bado ni la kuongelea, lakini kuchapwa na kuunguzwa ni vitu viwili mbali kabisa na yule mama alishalala usiku mzima akijua wanae wanaondoka. Kwa hiyo mtu akikwambia neno unalodhani unalijua, mwambie akuonyeshe kwa mikono. "Alifanyaje? Nionyeshe." Na kwenye ripoti andika neno lenyewe kama lilivyotoka, na herufi zake za kikwao, ndio uweke tafsiri yako chini. Usinyooshe Kiswahili cha mtu.

Neno lingine litakalokutesa ni kutelekeza. Kwa takwimu za serikali yao, takriban robo tatu ya watoto wanaothibitishwa kudhurika huku ni kwa kutoangaliwa vizuri, kipigo ni sehemu ndogo. Sasa kamusi itakwambia hilo ni "utelekezaji", na wewe mgeni utakaa kwenye kochi la mama wa watu umwambie umeshutumiwa kutelekeza watoto. Jamani. Kutelekeza kwetu ni kama yule mwanaume aliyekwenda Lusaka 2009 hajarudi. Huyu mama anafanya shifti ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, anarudi saa kumi na mbili asubuhi na damu kwenye buti, kamwachia mkubwa wa miaka kumi wadogo zake watatu kwa sababu kwao mtoto wa miaka kumi ni mlezi. Nilishaambiwa nitoke nyumbani kwa hilo neno moja, na sikumlaumu. Siku hizi nasema: "mama, wanasema watoto walibaki bila mtu mzima usiku, nimekuja tuongee." Inatosha.

Hivyohivyo "malezi ya kambo", yaani mtoto kuwekwa kwa mlezi mwingine kesi ikiendelea. Ukisema kambo mzazi anasikia mama wa kambo wa kwenye hadithi, na ukisema "kuchukuliwa" anasikia moja kwa moja, haonwi tena. Eleza kwa urefu, atakaa kwa nani, mtaonana lini, hakimu atasema nini na lini, hata ikichukua nusu saa.

Kuhusu viboko, wengi wetu tulikuja na ule uvumi kwamba Marekani ukigusa mtoto unafungwa. Sio kweli, hakuna jimbo lililomkataza mzazi moja kwa moja kumchapa mtoto wake nyumbani, kinachoangaliwa ni kiasi, chombo na alama iliyobaki. Waelezee wazazi hivyo, wana haki ya kujua sheria ilivyo. Mzazi anayeamini hawezi kufanya chochote anaishia kunyamaza mpaka mtoto anamshinda, afu siku moja analipuka. Na alama zenyewe zijue: chale sio jeraha la kisu, na yale madoa ya bluu mgongoni na matakoni kwa vichanga wetu wengi ni ya kuzaliwa. Huna kazi ya kuamua wewe, mpeleke kwa daktari, ila mwambie supavaiza mapema kabla mtu hajaandika mchubuko.

Sasa hili ndilo linaloniuma zaidi. Sheria ya shirikisho ya 1997 inasema mtoto akikaa kwenye malezi hayo miezi 15 kati ya 22 ya mwisho, jimbo linatakiwa kufungua maombi ya kumvua mzazi haki zake, isipokuwa kwa sababu chache. Moja ya hizo sababu ni kwamba jimbo halikumpa mzazi huduma zilizoandikwa kwenye mpango wake. Sasa fikiria mama kaandikiwa darasa la malezi na ushauri nasaha, darasa ni la Kiingereza na Kihispania, mshauri wa Kiswahili hayupo, wanasema subiri, na saa inatembea. Hakuna anayemkataa, anasubirishwa tu. Kwa hiyo wewe ulie na tarehe. Leo nimeomba mkalimani, leo nimejibiwa hapana, leo nimeomba tena. Kila kitu kwa imeili, sio mdomo. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inakusimamia, anayekula pesa ya serikali kuu hawezi kumnyima mtu huduma kwa sababu ya taifa alikotoka, na lugha kwa miaka mingi imehesabiwa humo. Siku ya mahakama wakili wa mama ataishi kwa hizo tarehe zako, na hapo ofisini wengine hawatakupenda, zoea.

Ndugu pia watafute mapema, sheria inataka wajulishwe ndani ya siku 30 tangu mtoto aondolewe. Usiulize "una ndugu hapa?" maana atakujibu ndugu zangu wote walikufa, anamaanisha wa tumbo moja, kumbe mama mdogo anakaa jengo la pili. Uliza Jumapili unakula kwa nani.

Mengine ya haraka. Usimtumie mtoto kutafsiri hata kwa kuuliza choo kiko wapi. Namba yako binafsi usitoe, watakuita dada na mwanangu na utalainika. Ofisi nzima itakuazima ukatafsiri kesi za wenzio huku zako zinalala, kwa hiyo hesabu masaa uwapelekee. Kanisani na misibani mtakutana, msalimie mtu kama unavyomsalimia yeyote na ukiulizwa mmejuana wapi sema mjini.

Na kwenye buti la gari, pamoja na kiti cha mtoto na begi safi (asibebeshwe nguo zake kwenye mfuko wa taka), weka karatasi ya maneno ya Kiswahili ya kumwachia mama mlezi. Yangu ina maneno kumi na tano kwa ajili ya nyumba atakayolala, njaa, maji, choo, inauma, naogopa, yameandikwa vile mzungu anavyoweza kuyatamka. Niliipunguza mwenyewe iwe fupi. Usiku mmoja saa nane mama mlezi akanipigia, mtoto wa miaka minne analia anarudia neno moja, kalitafuta kwenye karatasi halipo. Akajaribu kulitamka: "nyu-mba-ni". Sasa yapo kumi na sita.