Kwa nini "in rem" lakini "in re"? Vihusishi vya Kilatini na miisho ya nomino

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, niko mazoezini katika ofisi ya mawakili hapa Mombasa. Kwenye faili za meli naona "in rem". Kwenye faili za mirathi naona "In re", kisha jina la marehemu. Kihusishi ni kile kile, nomino ni ile ile, mbona mwisho wabadilika? Tena juzi niliandika "ad lite" kwa mlezi anayemwakilisha mtoto kortini, nikaambiwa nimekosea. Nitajuaje kihusishi kipi chataka mwisho upi bila kukariri orodha nzima?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umegusa penyewe, kwa sababu rem na re ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi jinsi mpango mzima unavyokwenda.

Kihusishi cha Kilatini hudai nomino inayokifuata ibadili mwisho wake. Umbo hilo ndilo twaliita uhusika. Nomino ina uhusika wa aina sita, lakini vihusishi kwa kawaida hutaka aina mbili tu, akusativo au ablativo. Nomino res, yaani kitu au jambo, ni rem katika akusativo na re katika ablativo.

Sasa tazama faili zako. Meli imetia nanga Kilindini, mabaharia hawajalipwa, mwenye meli yuko ng'ambo. Mahakama Kuu, kwa mamlaka yake juu ya kesi za bahari, yaweza kuamuru meli yenyewe izuiwe. Dai limeelekezwa kwenye kitu, na akusativo ndio uhusika wa kuelekea: in rem. Mwenzake, in personam, ni dai linalomwelekea mtu, nalo lina m ile ile mwishoni. Lakini In re ya mirathi haielekei popote. Maana yake ni "katika jambo la" marehemu fulani. Tumo ndani ya jambo hilo tayari. Hapo ni ablativo.

Kihusishi in kina tabia hii siku zote. Navis in portum venit, meli yaingia bandarini. Navis in portu manet, meli ipo bandarini, imetulia. Ni herufi moja tu, m, inayokuambia kama meli ndiyo kwanza yaja au imekwisha kufika.

Hapa wanafunzi wengi huteleza, kwa hiyo nitakawia kidogo. Wanaambiwa "penye mwendo weka akusativo", kisha wanakutana na in foro ambulo, natembea sokoni, wanashangaa: si mtu anatembea? Anatembea, naam, lakini yumo ndani ya soko muda wote. Jiulize kama kuna mpaka unaovukwa. Mtu anayezunguka Marikiti akitafuta viungo hajavuka mpaka wowote: in foro. Anayeshuka kwenye matatu na kuelekea huko yuko in forum. Anayetoka na kikapu chake yuatoka e foro. Katika Kiswahili kazi hii tumemwachia kitenzi: naenda sokoni, natembea sokoni, natoka sokoni, na neno "sokoni" haligeuki hata kidogo. Ndiyo maana sikio letu halijazoea kusikiliza mwisho wa nomino. Inabidi kulifundisha.

Sub hufanya vivyo hivyo. Hati ya kumwita shahidi mnayoiita subpoena ni sub poena, "chini ya adhabu", ablativo, kwa kuwa shahidi yuko chini ya tisho hilo tayari. Sub judice nayo ni ile ile: shauri liko chini ya hakimu. Super na subter pia zaweza kuchukua pande zote mbili, ila hutazikuta mara nyingi.

Kuhusu kukariri: huhitaji orodha nzima. Vihusishi vinavyotaka ablativo peke yake ni vichache, na nakushauri uvishike kwa maana. Kuna vitatu vya kutoka: ab, de, ex (ab initio, "tangu mwanzo"; de facto, "kwa hali halisi"; ex parte, "kwa upande mmoja"). Kuna jozi ya "pamoja na" na "bila": cum na sine. Halafu kuna vitatu ambavyo asili yake ni "mbele ya": pro, prae na coram. Hilo la mwisho utaliona juu ya kumbukumbu za mahakama, likifuatwa na jina la jaji: mbele yake ndipo shauri liliposikizwa. Cum hupenda kujibandika nyuma ya kiwakilishi, kwa hiyo husemi cum te bali tecum, kama katika duces tecum, pale shahidi anapotakiwa aje na nyaraka zake.

Mchanganyiko huu una sababu. Ablativo ilirithi kazi za uhusika wa kale wa aina tatu: wa kutoka mahali, wa kuwa na mtu au chombo, na wa kukaa mahali. Ukijua hivyo, ab, cum na in ya kutulia hazikai tena kama wageni waliokutana njiani.

Vilivyobaki, karibu vyote, ni akusativo: ad, ante, contra, extra, inter, intra, per, post, propter, trans, ultra na ndugu zao. Usijaribu kulazimisha maana ya kuelekea kwa kila kimoja. Inter, "kati ya", na apud, "kwa fulani", hazina mwendo wowote, na bado zataka akusativo. Hizo zipokee zilivyo.

Jihadhari pia na macho yako. Inter alia yaishia na a, na utadhani ni ablativo kama in camera, "faraghani". Sivyo. Alia ni wingi wa jinsia ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike, "mambo mengine", ambao katika akusativo huishia na a. Per capita ni vivyo hivyo, kutoka caput, kichwa. Kwa hiyo kila neno jipya la faili liandike daftarini pamoja na umbo lake la kamusi: vires kutoka vis, parte kutoka pars, judice kutoka judex.

Na litem? Nomino ni lis, shauri. Akusativo ni litem, ablativo ni lite. Ad hutaka akusativo bila ubishi, basi ni ad litem, "kwa ajili ya shauri". Lite uliyoiandika haikutoka hewani. Nadhani uliiona katika pendente lite, "shauri likiwa bado linaendelea", ambako hakuna kihusishi na ablativo imesimama yenyewe.

Nyongeza moja, kwa kuwa itakupendeza. Majina ya miji na visiwa vidogo hayachukui kihusishi kabisa, kama sisi tusemavyo "naenda Mombasa, nakaa Mombasa". Kwa Roma ni Romam eo, naenda; Romae habito, nakaa; Roma venio, natoka. Jina la mji wetu likiingizwa katika kundi hilo hilo la nomino, utasema Mombasam, Mombasae, Mombasa. Nchi na visiwa vikubwa hurudi kwenye kihusishi: in Siciliam kwa anayekwenda, in Sicilia kwa anayeishi huko, e Sicilia kwa anayetoka.