Mahali pa Kufunga Rejeta Kwenye Bagi ya Mchangani

Mtu anayetoa injini inayopozwa kwa hewa kwenye bagi yake, yaani gari jepesi la kukimbilia mchangani, na kuweka inayopozwa kwa maji huwa amekwisha kuwaza nguvu za farasi, gia boksi na bamba la kuunganishia injini muda mrefu kabla hajaiwaza rejeta, kifaa kinachopoza maji hayo kwa hewa, na ndiyo maana rejeta huishia kufungwa popote palipobaki wazi. Ushauri wangu ni kwamba mahali pake paamuliwe mapema, wakati mabomba ya fremu bado yanachomelewa na viti havijafungwa, kwa sababu uamuzi huo ndio utakaotawala urefu wa mipira ya maji, uzito wa pua ya gari, usalama wa walioketi ndani, na iwapo utalipanda tuta la mchanga hadi kileleni au utasimama katikati ukingoja injini ipoe.

Tatizo hili lina asili yake. Bruce Meyers alipounda bagi ya kwanza ya aina ya Meyers Manx huko California mwaka 1964, alitumia mitambo ya Volkswagen Beetle, ambayo injini yake hukaa nyuma na hupozwa na feni yake yenyewe bila tone la maji. Bodi ile ya faibaglasi, pamoja na nyingi zilizoiga umbo lake, haikuachiwa nafasi ya rejeta kwa kuwa hapakuwa na rejeta ya kuachiwa nafasi. Leo wengi wetu tunatia injini za Subaru, ambazo ni fupi na hukaa vizuri nyuma ya gia boksi ileile, lakini umbo la gari limebaki la enzi zile. Hata fremu za mabomba matupu zinazoundwa upya kila siku bado hufuata mpangilio huo: watu mbele, injini mkiani, na rejeta itajua yenyewe.

Kabla ya kuchagua, ni lazima kufahamu ni wakati gani bagi huchemsha. Kwenye ardhi ngumu na tambarare, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hata rejeta ya kawaida iliyofungwa ovyo huweza kuvumilia. Joto hupanda pale gari linapokwea tuta refu la mchanga laini, mguu umekandamiza mafuta mpaka sakafuni, injini inazunguka kwa kasi kubwa katika gia ya pili, huku gari lenyewe likienda mwendo wa baiskeli, na pengine upepo unavuma kutoka nyuma kwa kasi ileile ya gari, hivyo mbele ya rejeta hakuna hewa inayosogea kabisa. Injini ikifanya kazi namna hiyo, joto linaloingia kwenye maji hukaribia kulingana na nguvu inayotoka kwenye flaiwili, gurudumu zito la mwisho wa injini. Tuchukue kilowati 40, ambazo si nyingi. Kuziondoa kwa hewa inayopata joto la nyuzi 30 inapopita kwenye rejeta kunahitaji takriban mita moja ya ujazo ya hewa, na kidogo zaidi, kila sekunde. Feni yenye kipenyo cha sentimita 40 inaweza kutangazwa kwamba inasukuma kiasi hicho, ila hupimwa ikiwa haina kitu mbele yake; ukiiegemeza kwenye rejeta nene, uwezo huo hupungua sana.

Kwa hiyo kila mahali unapopafikiria, papime kwa hali hiyo ya kukwea polepole. Jiulize hewa yote hiyo itaingia kwa njia gani na, ikishapata joto, itatoka kwa njia gani. Watu hushughulika na pa kuingilia, wakatoboa matundu makubwa mbele ya rejeta, kisha nyuma yake wakaacha ukuta.

Tuanze na pua ya gari, mahali ambapo kila mtu hupafikiria kwanza kwa sababu magari ya kawaida yamefanywa hivyo. Faida zake ni za kweli. Hewa huja moja kwa moja bila kuvurugwa na kioo wala vichwa vya watu, maji ya moto yako mbali na migongo ya abiria, na uzito kidogo mbele husaidia usukani kushika, kwa maana gari lenye injini mkiani hupenda kuteleza pua badala ya kukata kona. Kwa bagi yenye bodi ya faibaglasi inayotumika zaidi barabarani, mimi ningeiweka huko bila kusita sana.

Lakini pua ya bagi ni finyu, na mara nyingi tangi la mafuta limekwisha kulala ndani yake. Hewa moto ikikosa njia hurundikana chini ya boneti, kisha hupenya kwenye miguu ya dereva, na rejeta hubaki ikipumua hewa yake yenyewe. Ukiamua kukata matundu ya kutolea kwenye boneti, usiyakate karibu na kioo cha mbele ukidhani hapo ndipo hewa itavutwa, kwa kuwa upepo unaogonga kioo hujibana chini yake na kusukuma kurudi ndani. Yasogeze mbele zaidi, mara tu baada ya rejeta, na uweke ukingo mdogo ulioinuka mbele ya kila tundu ili upepo uruke juu yake na kuinyonya hewa moto itoke. Ziba pia pande zote za rejeta kwa bati au sponji ngumu, kwani hewa hupita penye wepesi, na mwanya wa vidole viwili ubavuni ni njia nyepesi kuliko vibati vyembamba vya rejeta.

Ubaya mwingine wa pua ni mchanga wenyewe. Magurudumu ya mbele yasiyo na madigadi hurusha mchanga na changarawe juu na mbele, na gari likishuka vibaya kutoka kwenye kilele huichomeka pua yote ardhini. Nimewahi kuifungua rejeta ya mbele baada ya msimu wa kukimbia mchangani na kukuta theluthi ya chini ya vibati imelazwa chini kama nyasi zilizokanyagwa, ingawa haikuvuja hata kidogo. Maji yalikuwa yakipita vizuri, ila hewa haikuwa na pa kupenya. Wavu wa chuma husaidia dhidi ya mawe, lakini wavu wenye matundu madogo hula sehemu ya hewa yako, hivyo chagua wenye matundu ya sentimita moja hivi na uache mchanga mwembamba upite.

Zaidi ya hayo kuna mabomba. Kutoka injini ya nyuma hadi puani ni karibu mita 3, kwenda na kurudi mita 6, na bomba lenye upana wa ndani wa milimita 38 hubeba zaidi ya lita moja kwa kila mita. Hizo ni karibu lita 7 za maji, yaani kilo 7, kabla hujahesabu rejeta yenyewe. Mabomba hayo yapite nje ya sehemu ya abiria, chini au ubavuni mwa fremu, yawe ya alumini au chuma cha pua kwa sehemu kubwa, na mpira utumike kwenye miungano tu. Ncha za bomba zitengenezewe ukingo uliovimba, kwa maana mpira uliofungwa kwa klipu kwenye bomba laini huchomoka siku shinikizo likipanda. Kwa injini za Subaru kuna jambo jingine: themostati yake, yaani vali inayofunguka kwa joto ili maji yapite, iko upande maji yanakorudi kutoka kwenye rejeta, na huhitaji maji ya moto ya njia ya hita yaifikie ili ijue hali ya injini. Ukiziba matundu ya hita kwa sababu bagi haina hita, themostati hukaa kimya huku injini ikiungua, kisha hufunguka ghafla na kupokea maji baridi ya mita 3. Yaunganishe matundu hayo kwa mpira, usiyazibe.

Mahali ninapopapendelea kwa gari linaloishi mchangani ni nyuma ya viti, juu ya gia boksi, rejeta ikiwa imelazwa kuelekea nyuma kwa pembe ya nyuzi 45 au zaidi, ndani kabisa ya kizimba cha mabomba ili gari likipinduka lisiiangukie. Gari langu la sasa limefungwa hivyo. Mipira haizidi mita moja, maji ni machache, mawe hayaifikii kirahisi, na hewa moto hutupwa nyuma na juu mahali ambapo hapana kitu cha kuizuia. Kuilaza kunaruhusu rejeta ndefu ikae bila kuinua uzito juu ya vichwa.

Kasoro yake ni kwamba hewa ya nyuma ya viti imevurugika. Kioo, viti na watu huacha nyuma yao eneo ambalo upepo huzunguka na mara nyingine hurudi mbele. Namna ya kuuona upepo huo haina gharama: kata nyuzi za sufi zenye urefu wa kiganja, zibandike kwa utepe kwenye fremu na kuzunguka mahali rejeta itakapokaa, kisha mwenzako aendeshe ukiwa kando na kamera. Uzi ulionyooka kuelekea nyuma unaonyesha hewa safi. Unaocheza kila upande unaonyesha hewa iliyovurugika. Unaoelekea mbele unakuambia rejeta hapo itapumua hewa iliyotoka kwenye injini. Mara nyingi kuinua ukingo wa juu wa rejeta kwa upana wa kiganja kimoja huufikisha kwenye upepo mzuri unaopita juu ya kizimba. Angalia pia chujio cha hewa ya injini kisikae katika njia ya hewa moto inayotoka kwenye feni, kwani utakuwa umeipoza injini kwa mkono mmoja na kuinyima nguvu kwa mkono mwingine.

Hapa usalama hauna mjadala. Kifuniko cha rejeta chenye nguvu ya paundi 15 kwa inchi ya mraba huyaruhusu maji matupu kufika karibu nyuzi 121 bila kuchemka, na mpira ukipasuka hugeuka mvuke papo hapo, nyuma ya shingo za watu. Bati la kinga lifunike matangi ya pembeni ya rejeta, mipira na kila klipu, likiacha wazi uso wa kati tu ambao hupita hewa, na uso huo uwekewe wavu. Kifuniko kielekezwe nyuma, na mpira wake wa kumwagia ushushwe hadi chini ya gari.

Kuhusu paa, sipashauri. Hewa ni nzuri sana, hilo sikatai, lakini rejeta iliyojaa maji pamoja na feni zake hupita kilo 10, na kilo hizo zikiwa sehemu ya juu kabisa utazihisi utakapokatiza ubavu wa tuta. Nyuma ya injini ni pabaya zaidi, kwa kuwa tairi za nyuma hurusha mchanga huko na egzosi hupasha hewa kabla haijafika. Chini ya sakafu hata tusipazungumzie. Rejeta mbili ndogo ubavuni zinafaa kwa anayeunda fremu kuanzia mwanzo, mradi akubali miungano maradufu ya kuvuja.

Popote utakapochagua, feni ziwe upande wa nyuma zikivuta, ndani ya kasha lililofunika uso wote wa rejeta na kuacha nafasi ya sentimita 2 au 3 kati ya feni na vibati. Feni moja ya sentimita 40 iliyofungwa kwa vibanio bila kasha hufunika duara la karibu nusu ya rejeta ya sentimita 60 kwa 40. Nusu nyingine ni mapambo. Feni kubwa moja huweza kula ampea 20, hivyo kila moja iwe na rilei na fyuzi yake, na alteneta ipimwe kama inamudu feni zote pamoja na taa. Baada ya kuunganisha nyaya, shika karatasi upande wa mbele wa rejeta na uwashe feni: karatasi ikinyonywa na kubaki imeganda, mzunguko ni sahihi, ikisukumwa, nyaya zimepishana.

Rejeta ifungwe juu ya mipira laini, isishikwe na bolti moja kwa moja kwenye fremu, kwa sababu fremu ya bagi hujipinda kila gurudumu linapopanda, na alumini iliyobanwa hupasuka kwenye mshono wa tangi. Tangi la akiba liwe juu kuliko kila kitu chenye maji, na kila bomba linalopanda kisha kushuka liwekewe skrubu ya kutolea hewa kwenye kilele chake. Kwa rejeta ya puani, inua pua ya gari kwa jeki wakati wa kujaza maji, vinginevyo puto la hewa litabaki huko na geji itakudanganya.

Siku ya kujaribu, panda tuta moja refu, simama juu bila kuzima injini, na upime kwa kipimajoto cha mionzi bomba linaloingia kwenye rejeta na linalotoka. Tofauti kubwa huku injini bado ina joto kali inaonyesha kwamba maji hayazunguki ya kutosha, basi tazama pampu, themostati na upana wa mabomba. Tofauti ndogo, huku feni zote zinazunguka na geji inapanda, inaonyesha kwamba hewa haipiti, na kazi ya kwanza hapo ni kuchunguza kasha na njia ya kutokea hewa moto, kabla ya kwenda kununua rejeta kubwa zaidi.